Jina la Abolisionisti Lisitolewe Bure



Yako majina yanayogawanywa siku hizi kama bonboni siku ya Noeli: kila mwenye kunyosha mkono anapewa. Moja la majina hayo ni abolisionisti, maana yake mkomesha-utumwa. Siku za ukumbusho tunalisikia katika hotuba. Kardinali Lavigerie anaitwa abolisionisti. Mfalme Leopold II naye anaitwa abolisionisti. Kampuni inayonunua kobalti yetu inaandika kwamba hakuna mkono wa mtoto katika mawe yake, na mara moja inasifiwa kwa jina lile lile. Na mama aliyemtoa binti maskini kijijini, akamleta mjini kumpikia na kumfulia, naye anasema: mimi nimemwokoa.

Je, hawa wote ni wakomesha-utumwa? Mimi nasema hapana. Wengine wao walitenda mema makubwa, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Wengine walijifunika jina hili kama mwizi anavyojifunika blanketi la mwenye nyumba. Lakini mema ni mengi na yana majina mengi. Tukiyaita yote kwa jina moja, mwisho hatutajua tena jina hilo lilidai kitu gani. Na linadai kitu kikubwa, hata kwetu sisi Wakristu wa leo.

1. MAANA YA JINA

Neno hili limetoka katika Kilatini. Kitenzi abolere ni kufuta, kuondosha kabisa hata kitu kisiwepo tena. Si kupunguza. Si kupaka mafuta juu ya kidonda. Ni kung'oa mti pamoja na mzizi wake. Ndiyo maana wanaotaka adhabu ya kifo iondoke kabisa katika sheria huitwa pia maabolisionisti. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliibadili Katekismu, namba 2267, ifundishe kwamba adhabu hiyo haikubaliki, na kwamba Eklezya inafanya kazi ili ikomeshwe duniani pote. Asemaye, «Tuue wachache zaidi,» si abolisionisti. Asemaye, «Tusiue kwa hukumu hata mmoja,» ndiye.

Basi katika jambo la utumwa tupambanue watu wa namna nne.

Wa kwanza ni mwenye huruma. Huyu anaona mtumwa anapigwa, anasema: mpigeni kidogo, mpeni chakula. Utumwa wenyewe anauacha mahali pake.

Wa pili ni mkombozi. Huyu anatoa mali, analipa bei ya mtumwa, anamwachilia.

Wa tatu ni mpinga-biashara. Huyu anataka watu wasikamatwe tena, wasiuzwe tena sokoni. Lakini walio kwisha kuwa watumwa katika nyumba za mabwana anawaacha kwanza.

Wa nne ndiye mkomeshaji. Huyu anasema: mtu hawezi kuwa mali ya mtu mwenzake, popote, siku yoyote, kwa bei yoyote, na sheria inayoruhusu hayo ifutwe.

Tazameni namna neno lenyewe lilivyosafiri. Mwaka 1787, katika mji wa London, wanaume 12 waliunda chama. Thomas Clarkson na Granville Sharp walikuwa kati yao, na William Wilberforce aliwasemea katika Bunge. Walichotaka wakati ule ni kukomesha biashara ya watumwa, si utumwa wenyewe. Sheria ya kukataza biashara ilipatikana mwaka 1807. Watumwa wa visiwa vya Karibi waliendelea kukata miwa. Mwaka 1823 chama kingine kiliundwa, nacho katika jina lake kilitaja kupunguza utumwa na kuukomesha polepole. Polepole! Ndipo mwaka 1824 mwanamke mmoja wa Uingereza, Elizabeth Heyrick, aliandika kitabu kidogo kusema kwamba utumwa ukomeshwe sasa hivi, wala si polepole. Kama ni dhambi, itakuwaje tupange kuiacha kidogo kidogo? Mwizi akiungama kwa padri, je, ataambiwa aibe nusu mwaka huu na robo mwaka ujao?

Huko Marekani, tangu mwaka 1831, William Lloyd Garrison alitangaza neno lilo hilo katika gazeti lake. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838, alilihubiri kwa kinywa chake mwenyewe. Tangu hapo watu wa kule walijua tofauti. Asiyependa utumwa usambae katika nchi mpya aliitwa mpinga-utumwa. Aliyetaka uondoke wote, mara moja, aliitwa abolisionisti, tena mara nyingi kwa matusi na mawe. Jina hili halikuwa pambo siku zile. Lilikuwa mzigo.

2. KUKOMBOA NI KWEMA, LAKINI SI KUKOMESHA

Natwaa mifano miwili tunayoipenda katika Eklezya ya Afrika.

Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi inayoitwa Mali leo. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa. Mapadri Weupe walilipa bei yake, wakamlea, wakampeleka Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, pwani ya Tanganyika, akawa mganga na katekista hata kufa kwake mwaka 1956. Sisi wakatekista tunamhesabu kama baba yetu. Walioitoa mali ile walifanya tendo la upendo, na Mungu amewalipa.

Mfano wa pili ni Mtakatifu Yozefina Bakhita, binti wa Sudani. Naye aliibwa akiwa mtoto, akauzwa mara nyingi, mwishoni akachukuliwa Italia. Bibi yake alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa kutoka katika nyumba ya masista wa Venezia alipokuwa akifundishwa dini. Jambo likapelekwa mbele ya wakubwa. Tarehe 29 Novemba 1889 ilitangazwa kwamba Bakhita ni mtu huru, kwa sababu sheria ya Italia haikutambua utumwa. Hakuna aliyelipa bei. Hakuna aliyemnunua ili amwachilie. Yule bibi aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa hakuwa na kitu chochote cha kuuza.

Mnaona tofauti? Kwa Atiman, mwenye kumshika alipokea mali. Kwa Bakhita, sheria ilisema kwamba hakuna mwenye mali. Kukomboa kunamtoa mtu mmoja mtegoni, na mtego unabaki. Kukomesha kunauvunja mtego. Tena anayelipa bei, hata kwa moyo safi, anamwachia mwuzaji fedha za kwenda kuwinda wengine. Hilo halimhukumu mkombozi, maana mbele ya mtoto analia hatuwezi kukaa tukingoja Bunge. Lakini linatuonyesha kwa nini kazi ya mkombozi peke yake haitoshi, na kwa nini majina mawili yanapasa kubaki mawili.

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Misioni za Mpala na Kibanga zilianza na watoto na watu wazima waliokombolewa. Kapiteni Léopold Joubert, aliyefika Mpala mwaka 1887, aliwalinda kwa bunduki watu wa pwani ile dhidi ya wawindaji, akabaki kati yao, akazikwa katika nchi yetu mwaka 1927. Mkombozi? Ndiyo. Mlinzi? Ndiyo, na hodari. Lakini waliokombolewa walikaa katika vijiji vya misioni, chini ya amri ya misioni. Tusiseme zaidi ya ukweli kwa kudhani kwamba tunawaheshimu wazee wetu wa imani. Ukweli unawatosha.

3. EKLEZYA ISIJISIFU BURE, WALA ISIKANWE BURE

Hapa ninapingana na watu wa pande mbili.

Upande mmoja wako Wakristu wanaosema: Eklezya ndiyo iliyokomesha utumwa, tangu mwanzo ilikuwa abolisionisti. Ndugu zangu, someni historia. Mwaka 1452 Papa Nikola V alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia wapagani na Waislamu katika utumwa wa daima. Mwaka 1838, huko Maryland katika Marekani, Wayezuiti waliuza watumwa wao 272 na kulipa kwa fedha hizo sehemu ya madeni ya shule yao. Katika Kongo yetu ya zamani, mfalme Mkristu Afonso I alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526, akilalamika kwamba wachuuzi wanawaiba watu wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake. Barua zake zinatoa machozi. Lakini Afonso hakukataa utumwa wote. Alikataa wizi uliovunja ufalme wake, akaweka watu wa kuchunguza kama mateka wanauzwa kwa haki. Ni mpinga-biashara ya ovyo, tena kwa ushujaa. Abolisionisti siye.

Upande wa pili wako wasomi wanaosema: abolisionisti ni neno la Waprotestanti wa Uingereza, Wakatoliki walilala usingizi. Nao wasome. Mwaka 1681, miaka zaidi ya 100 kabla ya chama cha London, Wakapusini wawili, Francisco José de Jaca na Epifanio de Moirans, walihubiri huko Havana kwamba watumwa wote wapewe uhuru, tena walipwe mshahara wa kazi waliyokwisha kufanya. Walikataa kuwaondolea dhambi mabwana wasiotaka kuwaachilia watumwa. Walifanyiwa nini? Walitengwa, wakafungwa, wakapelekwa Hispania. Mwaka 1684 Lourenço da Silva Mendonça, mtu wa ukoo wa wafalme wa Ndongo katika Angola, alileta mbele ya Papa Innosenti XI huko Roma mashtaka juu ya utumwa wa watu weusi. Mwaka 1686 Ofisi Takatifu ilitamka kwamba si halali kuwakamata kwa nguvu au kwa hila watu weusi wasiodhuru mtu, wala kuwanunua na kuwauza, na kwamba wenye kuwashika wanapaswa kuwaachilia na waliowaonea wawalipe. Maneno ya haki kamili! Lakini yalibaki katika karatasi, kwa sababu wafalme hawakuyataka, na maaskofu wengi hawakuyasukuma.

Mwaka 1839 Papa Gregori XVI alikataza Wakristu kushiriki katika biashara ya watumwa. Tarehe 5 Mei 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili juu ya kuondoa utumwa, na siku nane baadaye sheria ya Brazili iliufuta kwa vifungu viwili vifupi tu. Mwaka huo huo Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Bruxelles akihubiri juu ya vijiji vilivyochomwa karibu na maziwa yetu. Alipigana zaidi na uwindaji na biashara ya watu. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na jina lake sahihi ni mpinga-biashara ya watumwa. Kumwita hivyo hakumpunguzii taji. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliuhesabu utumwa kati ya mambo yanayomtukana Muumba mwenyewe, na Katekismu, namba 2414, inautia chini ya Amri ya Saba: mtu asiuzwe wala asibadilishwe kama bidhaa.

Basi tuseme hivi bila kiburi na bila haya: katika Eklezya walikuwako maabolisionisti wa kweli, na mara nyingi waliofungwa walikuwa wao.

4. BLANKETI LA LEOPOLD

Sasa nafika kwa mfalme Leopold II. Yupo hata leo anayesema kwamba yeye alitukomboa kwa Batambatamba. Katika Bruxelles, mnara uliosimamishwa mwaka 1921 katika bustani ya Cinquantenaire unamwonyesha askari Mbelgiji akimwangusha mchuuzi wa watumwa. Tuangalie matendo.

Mwaka 1887 Leopold alimweka Tippu Tip, mfanya biashara ya pembe na ya watumwa, kuwa liwali wake huko Stanley Falls, Kisangani ya leo. Adui wa utumwa anaanza kwa kumpa cheo mwenye watumwa! Mwaka 1889 mkutano wa mataifa juu ya biashara ya watumwa ulifunguliwa Bruxelles, mji wake mwenyewe. Ulipokwisha mwaka 1890, Leopold alipata ruhusa ya kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia Kongo, ruhusa ambayo mkutano wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umemnyima. Mkataba wa Bruxelles wenyewe ulipiga biashara ya watumwa. Lakini nchi ambazo desturi zake zilikubali watumwa wa nyumbani ulizitambua na desturi hiyo. Vita na Waarabu na Waswahili vilikuja mwaka 1892 hadi 1894. Biashara ile ya kukamata watu ilivunjwa, na ni kweli kwamba vijiji vingi vilipumua.

Kisha nini? Kisha mpira. Wanaume walipelekwa msituni kugema mpira kwa lazima, wake zao wakashikwa rehani mpaka kikapu kijae. Taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904 na ile ya tume ya mfalme mwenyewe ya mwaka 1905 zinaeleza hayo. Tume hiyo haikuziacha hata misioni: ililaumu kapela-shamba, mahali ambapo watoto walioitwa yatima waliwekwa na kufanyishwa kazi. Mwaka 1908 Ubelgiji iliitwaa Kongo. Hata hivyo mwaka 1933 sheria bado ilimlazimisha mwanakijiji kufanya kazi na kulima kwa amri siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa siku 120.

Mwenye kuvunja mnyororo wa bwana mwingine ili afunge wa kwake, huyo tumwiteje? Amemshinda mshindani wake, ndivyo tu. Chui akimfukuza fisi zizini, mbuzi wasiimbe Te Deum.

Sisemi haya ili kuwafunika wale waliotuwinda. Waliochoma vijiji vya Maniema na Tanganyika hawakuwa watu wa pwani peke yao. Kati yao walikuwako pia watu wa bara, na watemi wetu waliowauza jirani zao. Atakaye kusema juu ya Leopold aseme pia juu ya babu yake.

5. WALIOSAHAULIWA

Kosa moja zaidi: tunaposema abolisionisti, mara moja tunamfikiri Mzungu mwenye kalamu. Mbona hatumfikiri mtumwa mwenyewe? Mwezi wa Agosti 1791, katika kisiwa kinachoitwa Haiti leo, watumwa waliinuka. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Afrika, na wengi kati ya hao walitoka Kongo. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794 kwa sababu wao walikuwa wamekwisha kuuvunja. Mwaka 1802 Napoleon aliurudisha kwa sheria. Wao wakapigana tena, na tarehe 1 Januari 1804 wakawa taifa. Mwaka 1825 Ufaransa iliwadai franka milioni 150 kuwafidia mabwana wa zamani. Mtumwa akalipishwa uhuru wake mwenyewe.

Na Uingereza, ilipofuta utumwa kwa sheria ya mwaka 1833, ilitoa pauni milioni 20. Kwa nani? Kwa mabwana. Watumwa hawakupewa kitu. Tena wengi waliamriwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale mpaka mwaka 1838, wakiitwa wanafunzi wa kazi. Huko Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini ni mwaka 1897 tu utumwa uliondolewa nguvu ya sheria, na mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru. Mauritania iliufuta mwaka 1981, na mwaka 2007 tu ikaweka adhabu kwa mwenye kuwashika watumwa. Kwa miaka 26 utumwa ulikatazwa, wala mwenye watumwa hakuwa na sheria ya kumwadhibu!

Hivyo sheria ni lazima, lakini sheria bila adhabu, bila mshahara, bila shamba la kulima, ni mlango uliofunguliwa juu ya shimo.

6. ALAMA ZA MKOMESHAJI WA KWELI

Katika hayo yote natoa alama tatu. Msomaji azishike, na kila atakaposikia jina abolisionisti apime.

Kwanza: anataka jambo lenyewe liishe, wala si ukali wake tu. Pili: anataka liishe kwa wote, hata kwa wale wanaomtumikia yeye mwenyewe. Tatu: hachukui faida, kama kuna hasara, anaanza kuipata yeye.

Kwa alama hizo mfalme Leopold ameanguka. Wayezuiti wa Maryland wameanguka. Wakapusini wa Havana wamesimama. Na sisi je?

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, inasema kwamba mtu asishikwe utumwani wala katika hali inayofanana na utumwa. Sheria ya mwaka 2009 inamlinda mtoto. Karatasi zetu ni nzuri. Lakini Shirika la Kazi la Kimataifa na wenzake, katika hesabu yao ya mwaka 2021, walikadiria watu milioni 50 duniani wanaoishi katika kazi za kulazimishwa au ndoa za kulazimishwa. Hawa hawakai mbinguni. Wanakaa katika nyumba na mashimo ya watu wanaojulikana.

Tumezoea kunyosha kidole kwa mashimo ya Kolwezi na Rubaya, na ni haki. Mtoto anayebeba gunia la mawe ili wengine wapate simu na magari anaonewa, na mnunuzi anayetaka bei ndogo bila kuuliza anashiriki katika dhambi hiyo. Lakini kunyosha kidole Kolwezi ni rahisi kwa mtu akaaye mbali na Kolwezi. Nataka tuingie katika nyumba zetu, sisi tunaopokea Komunyo siku ya Mungu.

Yuko binti wa miaka 11 au 12. Aliletwa kutoka kijijini na shangazi au na jirani. Waliahidi atasoma. Anaamka kabla ya wote, anachota maji, anafua, anapika, anabeba mtoto mgongoni, analala wa mwisho. Hapokei franka hata moja. Tangu mwaka 2019 serikali yetu ilitangaza kwamba shule ya msingi ni bure, lakini yeye hajaiona. Watoto wa nyumba wanamwita kwa jina la kazi, si kwa jina la ubatizo. Siku ya Mungu anabaki kulinda nyumba huku wenye nyumba wakiimba katika kwaya.

Mwenye nyumba ananijibu: «Katekista, unatia chumvi. Mtoto huyu anakula kwangu, anavaa kwangu. Kwao angekufa njaa.» Ndugu yangu, mtumwa wa zamani naye alikula kwa bwana wake na kuvaa kwa bwana wake. Mabwana wa Jamaika walisema maneno yayo hayo. Chakula si alama ya uhuru. Hata mbuzi wako unamlisha.

Mwingine anasema: «Huyu ni jamaa, na desturi yetu ni kuleana.» Desturi ya kuleana ni nzuri, nami nailinda. Lakini aliyelelewa anakula sahani moja na watoto wako, anakwenda shule pamoja nao, na akiugua wewe unakesha. Kama watoto wako wanasoma na yeye anasugua sufuria, usiite hilo ujamaa. Hicho ni kijakazi kilichopewa jina la mpwa.

Wa tatu anasema: «Mtume Paulo alimrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni.» Ndiyo, lakini soma barua mpaka mwisho. Paulo anamrudisha si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Na kama kuna deni, Paulo anasema atalilipa yeye. Ukitaka kumpokea binti yule kama Filemoni alivyoombwa kumpokea Onesimo, mimi nanyamaza.

Jiulizeni maswali manne. Je, anaweza kuondoka akitaka? Je, analipwa, au kama ni mtoto, anasoma? Je, anakwenda misa? Je, wazazi wake wanajua anakoishi na wanaweza kumwona? Kama jibu ni hapana mara nne, usitafute mtumwa katika vitabu vya historia. Yuko jikoni kwako.

7. TUFANYE NINI?

Mwaka 1890 Papa Leo XIII aliamuru sadaka ya Epifania itolewe kila mwaka kwa ajili ya kupigana na utumwa wa Afrika. Wazee wa Ulaya, na maskini kati yao, walitoa senti zao kwa ajili ya watu wasiowajua. Leo hatuombwi senti kwanza. Tunaombwa tuanze karibu.

Kila jumuiya ndogo ya Kikristu, tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, ambayo tangu mwaka 2015 ni siku ya kusali kwa ajili ya wanaouzwa, iulize bila kuona haya: katika nyumba zetu, ni watoto wangapi wanaofanya kazi bila kusoma? Wahesabiwe kwa majina ya ubatizo. Waandikishwe shuleni mwaka huo huo, si polepole. Mtumishi mkubwa alipwe mshahara wake mwishoni mwa mwezi, maana Mtakatifu Yakobo anatuonya kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Na asiyetaka, mzee wa jumuiya amwendee mara ya kwanza peke yake, mara ya pili pamoja na mashahidi, kama Bwana alivyofundisha. Asiposikia bado, mambo yapelekwe kwa wenye kulinda watoto kwa sheria. Tusiwafichie wenzetu kwa kuwa wanachangia ujenzi wa kanisa.

Hapo ndipo mtu atakapostahili jina lile. Hataambiwa katika hotuba, wala hatapewa medali. Pengine atachekwa na majirani kwamba anafua nguo zake mwenyewe. Avumilie. Wakapusini wa Havana walilipa kwa kifungo. Yeye atalipa kwa povu la sabuni.

Yezu Kristu, aliyetwaa hali ya mtumwa ili sisi tusiwe watumwa tena, atusaidie kuacha kuligawa jina hili bure, na kuanza kulifanyia kazi.

Tumsifu Yezu Kristu.